Siku Zangu na Mashine Isiyofuka Mvuke

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Mvua. Jana mvua, leo mvua. Dobi msimu wa mvua ni kama kinyozi kwenye kijiji cha vipara.

Mashine imefika. Bosi kauza cherehani yake, kakomba na akiba yote, kanunua mashine ya kukaushia nguo. (Bosi ni mke wangu. Namwita hivyo kwa utani. Yeye hajui kama ni utani.) Ni ya pampu ya joto, anasema, kwa sauti ya mtu aliyejifungua salama.

Nimeikagua mbele, nimeikagua nyuma. Haina bomba la kutolea mvuke! Nikamuuliza fundi aliyeileta, mvuke utapita wapi, puani mwake? Akasema hautoki. Hewa inazunguka humo humo. Inapashwa moto, inapita kwenye nguo, inabeba unyevu, inakwenda kugusa koili ya baridi. Hapo unyevu unageuka maji na kudondokea kwenye tangi, na hewa ile ile inapashwa moto upya. Ni kama friji, akasema, ila hapa tunautumia ubaridi wake na joto lake pia.

Nilicheka hadi akaanza kukusanya spana zake. Friji ya kukausha nguo! Kesho waniletee jiko la kugandisha barafu. Mimi nimefua nguo melini, bwana! Nimeingia bandari ambazo yeye hawezi hata kuzitamka. Kule mashine ikikausha, inafuka kama garimoshi, na ukigusa mlango unaacha ngozi. Ile ndiyo mashine. Shule niliiacha mapema, ni kweli, lakini niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe.

Halafu eti isiwashwe hadi jioni, kwa sababu ililazwa njiani na mafuta ya kompresa lazima yatulie kwanza. Mashine inapumzishwa! Mimi niliyeipandisha ngazini kwa mgongo, nani kaniambia nipumzike?

Bosi kaniketisha na kuniambia jambo zito. Kliniki ya wazazi itatupa mashuka na taulo za watoto wiki hii, kwa majaribio. Jumamosi Matroni anakuja kukagua. Akiridhika, kazi ni yetu mwaka mzima. Asiporidhika, kazi inakwenda kwa Pasi Moto, dobi wa ng'ambo ya barabara, na sisi tunafunga mlango. Hakuna cherehani ya kurudia. Aliyasema hayo huku anatazama kona ilipokuwa cherehani.

Nikamwambia asihofu, ana mimi. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha ilimzidi.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Mzigo wa kwanza, nguo zetu wenyewe. Nikaweka kiganja mlangoni. Vuguvugu! Pumzi ya mbuzi ina moto zaidi.

Nikafungua kuangalia. Mbichi. Nikafunga, nikafungua tena. Mbichi. Sijui nimefungua mara ngapi. Bosi akapiga kelele kutoka jikoni, nani huyo anayeifungua fungua? Kila ukifungua joto lote linatoka na inaanza upya! Nikamwambia ni upepo. Akasema upepo huo una kitambi.

Pasi Moto akaja kusimama mlangoni petu na mwavuli wake, mkono mfukoni kama mwenye nyumba. Akauliza hii mashine ni ya kukaushia nguo au ya kutotoleshea vifaranga. Huyu ni mtu ambaye ana jiko la mkaa chumba cha nyuma, anatundika nguo za watu juu yake kama mishikaki! Shati likitoka kwake, paka wanalifuata barabarani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema sawa, lakini likitoka limekauka. Akafunga mwavuli, akaukung'utia maji kwenye kizingiti changu, akaenda zake.

Mwisho wa yote nguo zilikauka. Polepole, kama karani wa ofisi ya ardhi, lakini zilikauka. Bosi akanihubiria kwamba joto dogo ndilo tulilolilipia. Shuka halisinyai, mpira wa kiunoni haulegei, na umeme unaoliwa ni kama nusu ya ule wa mashine za kuchoma, maana joto halitupwi nje, linarudishwa kazini. Nikamwambia ubahili haujawahi kukausha nguo ya mtu. Akaniangalia chini hadi juu, kisha juu hadi chini.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Leo nimetumia akili. Mtoto akisikia baridi, unamfanyaje? Unamfunika! Bosi alipokwenda sokoni, nikaisukuma mashine hadi ikabanana na kona, nikaizungushia mablanketi, nikafunga dirisha, nikaziba na nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Nikakaa nje nikingoja sifa.

Chumba kikawa tanuri. Mashine ikaanza kuhema kama mzee anayepanda mlima. Taa nyekundu. Kimya.

Bosi akarudi. Akasimama. Akauliza polepole, mume wangu, umeivika mashine blanketi? Nikamjibu kwamba mablanketi nayo yalihitaji kukauka. Jibu la papo hapo! Wanadiplomasia wangapi wangeliweza? Hakulithamini. Akafungua dirisha, akaivuta mashine mbali na ukuta, akasema kitu hiki kinahitaji nafasi pembeni na hewa ya kutosha chumbani, wala si mgonjwa wa homa.

Kisha akanipa amri. Kuanzia leo kazi yangu ni kusafisha chujio kila baada ya mzigo, na kumwaga maji ya tangi. Basi. Mimi! Niliyeamrisha mvuke wa meli nzima! Kupangusa chujio! Hata ufagio una heshima kuliko hapo.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Nimegundua wizi.

Kila nikivuta lile chujio, limejaa manyoya. Yanatoka yote kama ngozi ya paka wa kijivu. Nikajiuliza, manyoya haya ni ya nani? Ni mashuka! Mashine inakula mashuka kidogo kidogo, na ushahidi unauficha kwenye chujio! Kufika mwisho wa mwaka Matroni atapokea nyuzi na mapindo. Na mbona kamba ya kuanikia haitoi manyoya? Kwa sababu kamba haina chujio. Hesabu ndogo sana hiyo, lakini inahitaji kichwa.

Nikalichomoa, nikaliweka nyuma ya pipa la sabuni. Mashine ikanguruma kwa raha, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Sikumwambia Bosi. Mgunduzi wa kweli hangoji ruhusa.

Alasiri ikaja mvua ya kuangusha kuta. Bosi alikuwa kwa mama yake. Nikamwona Pasi Moto amesimama nje ya duka lake bila mwavuli. Paa lake limevuja, jiko lote limezimwa, na chumbani ana rundo la sweta za kijani za shule, zote zinachuruzika, na wazazi wanazifuata asubuhi. Mtu huyu simpendi. Simpendi kwa moyo wote na nguvu zote. Lakini watoto wamekosa nini? Waende shule wakitetemeka ili mimi nicheke?

Nikampigia mluzi, nikampitisha mlango wa nyuma. Tukazishindilia sweta hadi mlango ukagoma kufunga, nikaufunga kwa goti. Nikamwonya kwamba akimwambia mtu, nitakana, na nitamkana na yeye mwenyewe. Akasema asante, ndugu yangu, kwa sauti ya chini. Imenichefua. Kisha akakaa kwenye kigoda akaitazama mashine inavyozunguka, akaniuliza inafanyaje kazi. Nikamweleza kitaalamu: ndani kuna feni, na mengine ni siri.

Zilikauka, nyingi zake. Zilizobaki nimemwambia azilalie.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Siku ya nuksi. Mzigo wa kliniki umeletwa asubuhi: mashuka ya wazazi, taulo ndogo ndogo za watoto wachanga, nyeupe tupu. Mashine ikazunguka. Ikazunguka. Hadi adhuhuri mashuka yana majimaji, na kwenye tangi hakuna hata maji ya kunawa mkono mmoja. Nikatangaza kwamba nilisema tangu Jumatatu, hii ni friji iliyosahau kazi yake.

Bosi akafungua kijilango cha chini. Nyuma yake kuna koili ya baridi, ina vibati vyembamba vilivyopangana kama kurasa. Havikuonekana. Vilikuwa vimefunikwa blanketi zito la manyoya. La kijani.

Sisi hatuna mteja wa kijani.

Bosi akalitazama sana. Akapeleka mkono mahali pa chujio, akakuta tundu. Nikakohoa. Akaniuliza, kwa upole ule unaotangulia radi, chujio liko wapi, baba? Nikalileta. Nikamweleza habari ya wizi wa mashuka. Akanisikiliza hadi mwisho, nami nikadhani nimeeleweka. Akasema manyoya hayo shuka lingeyaacha hata kwenye kamba, ila kule upepo unayachukua na huyaoni. Chujio linayashika yasiingie ndani. Ukiliondoa, yanakwenda kuganda kwenye koili yenye majimaji, hewa haipiti, basi nguo zinazunguka tu kama watalii.

Nikamletea brashi ya waya tuanze kukwangua. Aliichukua mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema waya utavipinda vibati, na vikipinda ndiyo kwaheri.

Kisha akakaa juu ya pipa la sabuni. Hakupiga kelele. Akasema kesho asubuhi Matroni anakuja. Akasema labda yule aliyenunua cherehani atamwajiri aje kuishonea. Akaweka mikono magotini. Nilitamani anigombeze. Amenigombeza miaka yote hii bila mapumziko, na leo, siku ninayohitaji, ananinyima! Huu ni ukatili.

Nikavuka barabara. Sikwenda kuomba, nilikwenda kumtukana Pasi Moto na sweta zake. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namweleza yote. Akaacha pasi yake, akaja. Akasimama mbele ya Bosi, akasema shemeji, kijani hicho ni changu, nipe kazi.

Bosi akampa brashi laini na kifyonza vumbi. Pasi Moto akayatoa manyoya polepole, akifuata vibati kutoka juu kwenda chini. Akapangusa vyuma viwili vya ndani vinavyoonja unyevu, maana vikishika utando mashine inadanganyika kwamba nguo zimekauka. Akasuuza chujio, akalikausha, akalirudisha. Akachukua mashuka kuyakamua kwake kwenye mashine ya kufulia, kwa kasi ya juu, ili yaingie kukaushwa yakiwa na maji machache. Wakapakia kidogo kidogo, nusu tu, nafasi ya kucheza. Mtu huyu ana tabia ya ajabu: akiuliza swali, anangoja jibu!

Mimi nilisimamia. Kutoka mlangoni, Bosi alikoniweka.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Matroni ni mwanamke wa miwani na viatu visivyo na sauti. Akachukua shuka, akalinusa. Akachukua taulo ya mtoto, akaiweka shavuni, akafumba macho. Bosi hakuwa anapumua. Matroni akasema haina moshi, haina harufu ya kuungua, ni laini, ngozi ya siku moja itaipenda. Akauliza nani anaishughulikia mashine.

Nikajitokeza! Kifua mbele! Nikamsimulia habari za meli, bandari na mvuke. Alitikisa kichwa kwa heshima. Akaniuliza chujio nalisafisha kila baada ya muda gani. Nikamwambia, mama, chujio zuri halihitaji kuguswa guswa.

Matroni akairudisha taulo kikapuni.

Kutoka nyuma ya kikapu, Pasi Moto, aliyekuja kumalizia kukunja taulo, akasema: kila mzigo, Matroni. Tangi nalo kila mzigo. Koili tunaikagua kila mwezi.

Matroni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwambia Bosi kazi ni yake mwaka mzima, kwa sharti moja. Mashine ishikwe na yule wa nyuma ya kikapu. Mzee wa meli asiisogelee.

Bosi akacheka hadi akalia, au akalia hadi akacheka, akanishika shingo mbele ya watu. Bila shaka ni kwa ajili ya hotuba yangu. Ndiyo iliyomlainisha Matroni.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Pasi Moto kafunga kibanda chake, kahamia kwetu. Bosi kamkabidhi mashine. Mimi nimekabidhiwa vikapu, nivipeleke kliniki na kuvirudisha, kwa miguu, kwenye mvua. Kwa lugha nyingine, nimepanda cheo. Ninashughulikia taasisi za afya moja kwa moja, na chini yangu nina mfanyakazi. Nilijua tangu mwanzo kwamba mpango wangu wa Alhamisi ungezaa matunda. Nimemteka mpinzani kwa rundo la sweta! Majenerali wameshindwa.

Leo kabla ya kutoka nimempa ushauri wa kitaalamu. Nimemwambia aachane na vibrashi vya wanasesere. Aingize mpira wa maji ndani, afungulie hadi mwisho, aisafishe mashine mara moja kwa mwaka mzima. Tulifanya hivyo melini, na ile meli inajulikana hadi leo kwa jinsi ilivyozama.

Amenitazama kwa kicho. Kisha ameingia chumba cha mashine na kufunga kwa ndani, komeo na kitasa.

Mwanafunzi mzuri. Keshaanza kulinda siri zangu.