Nafasi ya Kumwaga

Jumatatu, 3 Machi

Jana Mwanyumba alikuja na laptop yake. Hakuna aliyemwomba aje nayo. Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye kaoa mdogo mtu, kwa hiyo kidogo angeniheshimu. Wapi! Kaiweka juu ya meza yetu, kabonyeza, gemu likafunguka kabla sijameza chai iliyokuwa mdomoni. Langu nalibonyeza, naenda kuoga, narudi, kiduara bado kinazunguka. Anasema kaongeza SSD, diski mpya ya kuhifadhia vitu, haina kelele na ina mbio. Mke wangu akasema, mbele yangu, kwamba kweli shemeji anajua kununua.

Si wivu. Ni uchungu tu. Haya, ni wivu.

Tatizo langu ni hili. Timu yetu ya mpira wa kwenye kompyuta ina watu wanne, nahodha ni mimi. Jumamosi jioni kuna nusu fainali, inachezwa kwa toleo jipya la gemu, na toleo jipya haliingii kwenye laptop yangu kwa sababu diski imejaa. Nisipotokea, unahodha unakwenda kwa msaidizi. Msaidizi ni nani? Mwanyumba!

Na keshaanza vijembe. Mchana kaandika kwenye kundi la familia kuniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Mbele ya mama mkwe! Kundi lile huwa silisomi, ni salamu na picha za maua. Nasoma ya Mwanyumba tu. Nikajibu nafasi ninayo, tena ya kumwaga. Kaweka kidole gumba. Nakichukia kile kidole.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoroka kazini kwenda duka la kompyuta. Muuzaji kauliza laptop yangu ni ya aina gani. Nikasema nyeusi. Kauliza inachukua diski fupi au ndefu, kisha akanishauri niilete aifungue, tuone ndani kuna sehemu gani. Nimpelekee mtu baki laptop yenye makombo ya biskuti chini ya vitufe? Nikamwambia asijisumbue, anipe kama ya Mwanyumba, ila kubwa zaidi. Kasema hamjui Mwanyumba. Ana bahati.

Niliporudi nikamkuta huyo huyo kwenye kundi. Anasema mzigo wa safari hii ni mkubwa kweli, nafasi ya nusunusu haitatosha. Mzigo! Ananitambia ukubwa wa gemu! Nikajibu mzigo wote nitaubeba peke yangu, yeye apumzike tu. Mama mkwe kaweka moyo mwekundu. Sikuelewa anajua nini kuhusu gemu, lakini nilifurahi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nimekwenda kwa Mwanyumba saa ambazo hayupo, nikasingizia kuazima ngazi. Shemeji yangu, mkewe, kaenda kuitafuta uani. Mimi mbio hadi chumba cha kompyuta. Nikapiga magoti, nikazama chini ya meza, nikalikuta boksi tupu la SSD! Nafasi yake tera moja. Picha inaonyesha kidude kina bati la kupozea mgongoni, kama gamba la kobe. Safi sana. Nikapiga picha, mwanga wa simu ukamulika chumba kizima.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na ngazi. Kaniuliza natafuta nini. Nikasema pete. Kaitazama ipo kidoleni. Nikasema alhamdulillahi, imepatikana.

Nimetembea na ngazi kutoka kwao hadi nyumbani. Ngazi nyingine tunayo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua! Ile ile ya kwenye picha, ila ya tera mbili. Mbili! Muuzaji kasema yenye bati kwa kawaida inafungwa kwenye kompyuta kubwa za mezani. Nikamwambia laptop yangu ni ya magemu, inachemka vibaya, bati litaisaidia. Kauliza kama nina uhakika. Kauliza tena. Wauzaji wa siku hizi hawataki kuuza.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nisimwombe shemeji ushauri, si anazijua hizi. Nimeomba chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua tumbo la laptop. Diski imeingia vizuri. Mfuniko umekataa kufunga. Bati limeinuka kama mtu aliyefutuka. Nimesukuma. Nimekalia. Kitu kimelia ka! na si bati.

Basi nikaiacha wazi, nikaisimamisha juu ya miche miwili ya sabuni ya kufulia. Nikawasha. Ikawaka! Tera mbili zote zinaonekana! Gemu limeanza kushuka. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu kaja kuchungulia. Kasema anataka sabuni zake. Nikamwambia asiguse, unahodha umesimama juu yake.

Mwanyumba kaandika kwamba kesho saa mbili asubuhi. Nimejibu saa yoyote, mimi niko tayari kuliko yeye. Mechi ni saa kumi jioni, anajichanganya mwenyewe. Hofu hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kunyoosha mgongo. Naandika nimelala kifudifudi.

Asubuhi lori lilipiga honi mlangoni. Mbele kaketi mama mkwe, kajifunga kitambaa cha kazi kichwani. Kanishukuru kwa machozi. Kasema wakwe wengine wakisikia habari ya kuhama wanapatwa na safari za ghafla, lakini mimi nimetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nina nafasi, na mzigo nitaubeba peke yangu.

Kuhama! Nafasi ile ilikuwa ya muda! Wiki nzima wamejadili kuhama kwake kwenye kundi, na mimi nilikuwa nasoma mistari ya mtu mmoja.

Nikauliza kwa upole Mwanyumba yuko wapi. Mama mkwe kasema alitaka sana kuja, lakini si nilimwambia apumzike?

Anahamia ghorofa ya tatu. Lifti hakuna. Friji, kabati la milango mitatu, cherehani ya miguu, na jiwe la kusagia ambalo hajalitumia tangu aolewe lakini hawezi kuliacha. Saa kumi jioni nilikuwa kwenye kona ya ngazi, kabati limenibana ukutani, simu inatetema mfukoni na mkono haufiki. Ndio hao, wananitafuta.

Timu imeshinda. Nahodha alikuwa Mwanyumba. Kafunga yeye. Wivu unanichoma kuliko mgongo.

Jumatatu, 10 Machi

Mwanyumba kaja na dawa ya kuchua. Kaiona laptop juu ya sabuni. Hakucheka! Bora angecheka. Kasema mkewe alimsimulia habari ya pete, kwamba boksi lile chini ya meza lilikuwa la kompyuta yake kubwa ya mezani, na angejua ninatafuta SSD angeniambia, maana anayo moja ya laptop, nyembamba, haina kazi. Kaenda kuichukua. Kaifunga, kalipakia gemu upya. Mfuniko ukafunga. Gemu likafunguka mara moja, sijawahi kuona. Kisha kasema unahodha ni wangu, yeye alinishikia tu, fainali ni Jumamosi.

Nilikuwa na kila kitu. Laptop ina mbio, cheo kimerudi, hata mgongo umeanza kulegea. Nilikaribia kumpenda.

Ndipo mke wangu, akiokota sabuni zake, akasema kweli shemeji ana mikono ya baraka.

Mwanyumba alipoondoka nikachukua bisibisi nikaichomoa diski yake. Nitamrudishia kesho, na ngazi yake. Siwezi kuwa nahodha kwa diski ya Mwanyumba. Nimeona mtandaoni kuna ya tera nne, mgongoni ina bati na feni yake ndogo. Nimeagiza. Mfuniko nitaukata kwa msumeno.