Mishale ya Wifi na Pakiti ya Sukari

Jumatatu, tarehe 6
Kikosi cha wanaoanza kimebakiza nafasi moja. Jumamosi tunaigombea, mimi na wifi, dada wa mume wangu. Na mimi ndiye niliyemleta klabu ya upinde na mishale, nipate wa kupiga naye soga. Nimejipalia makaa. Kocha kasema mishale ya mbao haifanani, mingine migumu, mingine inapinda, kila mtu apime yake. Akaendelea na habari za nguvu ya upinde, lakini hapo muuza nguo, mwenzetu wa klabu, alikuwa ananinong'oneza kuhusu mpangaji wake aliyehama na pazia za watu.

Jumatano, tarehe 8
Nimepima. Viti viwili, mshale juu yake kama daraja, rula ya mwanangu pembeni. Katikati nikaning'iniza pasi. Mshale ukavunjika, pasi ikatua kwenye kidole gumba. Nikahamia pakiti ya sukari. Mume wangu kauliza naanika nini. Nikamwambia akale.
Wifi kaniachia na yake nimpimie. Kaniamini, maskini. Migumu yote nimechukua mimi, kitu kigumu ndicho kitu. Legelege yote yake.

Alhamisi, tarehe 9
Nimempelekea. Kanishukuru, kaniita wifi wa heri. Chai ikanipalia. Akigundua, ndugu zao wote watanijia juu. Nimekaa kwake hadi jioni nikimchungulia usoni. Hana habari.

Jumamosi, tarehe 11
Yangu yote ilikwenda kushoto. Yote! Mmoja umetoboa mkoba wa muuza nguo. Ya wifi ikajipanga katikati ya shabaha kama imeitwa. Kocha kasema pinde zetu nyepesi, mshale mgumu hauzitii, zinataka unaopinda. Akauliza kwani Jumatatu nilikuwa wapi. Muuza nguo akatazama mkoba wake.
Nafasi kapata wifi. Kanikumbatia mbele ya watu, kasema bila mikono yangu asingeiweza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumapili, tarehe 12
Kumbe kuna nafasi ya mchezaji wa akiba. Nimepona. Na somo nimelielewa: mshale uwe laini. Yangu nimeiloweka kwenye beseni tangu asubuhi, maji ya uvuguvugu, mafuta ya kupikia kidogo. Wifi kapita, kaiona, kaniomba nimlowekee na yake.
Nimemkatalia. Kila siku nimsaidie yeye tu?