Kapo ya Bijou Imepanda Juu ya Paa

Likasi, siku ya mawingu

Kwako Shemeji Kitenge, mkubwa wa ukoo, Kapolowe,

Kwa heshima zote nakusalimu, nikitumaini goti lako limepoa na mihogo imesimama vizuri. Sisi hapa wazima, ila mimi, mume wa dada yako, nalala ndani ya gari. Nimeumia moyo. Kwa kuwa wewe ndiye uliyenikabidhi Orpa mbele ya wazee, mashtaka yangu nayaleta kwako.

1. Orpa ameng'oa kapo ya Bijou, kile kifuniko cha injini, akapanda ngazi na kuipigilia juu ya paa, pale panapovuja juu ya kitanda chetu. Bijou unamjua: ndiyo motokari ya marehemu baba, iliyoingia mji huu ukingali ukiitwa Jadotville. Mgala muue na haki yake mpe: misumari imenyooka. Lakini ni fundi gani aliyemtuma?

2. Anadai nilianza mimi. Kweli, nilishusha turubai lililokuwa juu ya paa nikamfunika Bijou. Shemeji, tuwe watu wa haki. Nyumba ni ya matofali, imezoea mvua tangu enzi za Wabelgiji. Bijou ana rangi mpya.

3. Matembezi ya Jumapili yamekufa. Unajua desturi yetu: baada ya misa tunapakia wamama wa kwaya, tunakuja kwako kula bukari na samaki, na Bijou akigoma mlimani wamama wanashuka kusukuma huku wakiimba. Hakuna kwaya Likasi yenye pumzi kama ile, na pumzi hiyo ni kazi ya Bijou. Sasa Mama Philomène, kiongozi wao, amekataa kusukuma gari lenye injini uchi. Anasema si heshima.

4. Nilimwomba Orpa arudishe kapo angalau tufike Koni, tukatazame maji yale yanayotupa umeme. Alinijibu mbele ya majirani: "Weye unaenda kutafuta mayi ku Koni, na mayi iko humu mu nyumba!" Walicheka wote, hata wale ninaowabebea mkaa bure. Kisha akaniambia nikalale kwa Bijou, maana ndiye bibi yangu. Nikatii. Mimi ni mtu wa amani.

5. Bandu bandu humaliza gogo. Leo kapo, kesho kifuniko cha nyuma, keshokutwa milango, na mimi nitabaki na usukani mkononi.

Basi ombi langu ni dogo. Chumba cha kulala sasa ndicho chumba pekee kikavu. Ukavu huo umeletwa na kapo, na kapo ni mali ya Bijou. Kwa hiyo haki inadai Bijou aifuate kapo yake, alale chumbani. Nitabomoa ukuta kidogo tu, upande wa dirisha. Wewe umchukue Orpa akae kwako mpaka mvua zikatike. Akirudi ataikuta nyumba ina mlango mpya, tena mpana.

Nisalimie Mama Anne mkeo, watoto, kuku, na yule jirani mwenye kamba nene aliyetuvuta siku ya Pasaka.

Wako katika ukoo na katika unyevu,
Hilaire, bado mume wa Orpa

N.B. Shemeji, usije kumchukua. Kabla sijafunga bahasha mvua imeshuka kwa hasira, turubai limepasuka, na mimi nimelowa mpaka soksi. Nimebisha chumbani. Orpa amenifungulia, akanipa taulo na chai. Humu hamna hata tone. Naisikia mvua ikigonga kapo ya baba juu ya kichwa changu, na nimefurahi, sikufichi. Ila jikoni bado panavuja. Orpa ameniuliza kwa upole kama Bijou anakihitaji sana kile kifuniko cha nyuma. Jumapili tutakuja kwa teksi-bisi. Tafadhali niwekee ile nyundo yako kubwa.