Mama Stamatia Ataniita Tu

Jumapili, 6 Mei 2007

Félicien ameonyesha picha zake tena. Safari hii kwenye ukuta wa kanisa, kwa ile mashine ya kuonyeshea maneno ya nyimbo! Ibada imeisha, watu wamekaa, wanakula sambusa na kumtazama Félicien mwenye shati la maua, mgongo kwa bahari. Mji wa Kos, kisiwa cha Ugiriki. Anasema hoteli ni safi, iko karibu na bandari, na aliipata kwa nusu ya bei kwa sababu anajua kuongea na watu.

Félicien! Mtu aliyenunua vitenge kwangu soko la Kadutu, Bukavu, bila hata kuuliza bei ya mwisho!

Kisha, mbele ya kanisa zima, akamwuliza Léocadie mke wangu tutakwenda wapi mwezi wa sita, ndoa yetu ikitimiza miaka ishirini. Léocadie hakuwahi kujibu. Mdomo wangu ulitangulia. Nikasema Kos. Nikasema hoteli hiyo hiyo. Nikasema robo ya bei. Kina mama wakapiga vigelegele.

Tulipofika nyumbani, mtaa wa Lozells hapa Birmingham, Léocadie alikaa kwenye ngazi, viatu bado miguuni. Akauliza kama ni kweli. Nikasema kweli kabisa. Akasema miaka yote hii anatandika vitanda vya hoteli pale mjini na hajawahi kulala hata kimoja. Bahari si lazima, akasema. Chakula si lazima. Anataka kitanda ambacho mtu mwingine amekitandika. Aamke, akiache vurugu vile vile, atoke. Arudi akikute kimetandikwa, asijue hata ni nani.

Moyo uliniuma kidogo. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Naandika hapa nisisahau: kitanda.

Jumatatu, 7 Mei

Sikukuu. Kiwanda cha mikate ninakofanya kazi kimefungwa, lakini Nazir amefungua. Nazir ni Mhindi wa Kisumu, ana duka la intaneti na kadi za simu karibu na msikiti. Kiswahili chake ni cha Kenya, changu cha Kongo, tunaelewana tukitaka.

Tiketi za ndege zimepatikana. Birmingham mpaka Kos moja kwa moja, tarehe 19 Juni, wiki moja. Nazir alibonyeza kabla sijaanza kuongea bei! Nikamwuliza nimwone nani ili wapunguze. Akasema hakuna mtu, na tiketi hazirudishwi. Ndani ya kompyuta hakuna mtu. Sasa nani anapanga bei? Akanipa risiti.

Hoteli ya Félicien ni ya mwanamke, jina lake Mama Stamatia. Ana vyumba vya aina mbili. Kimoja kinaangalia barabara. Kingine kinaangalia bahari na bei yake iko juu. Nimesoma, nimerudia kusoma. Wanalipisha kuangalia maji! Bukavu ziwa zima tuliliangalia bure. Hata mbuzi waliliangalia bure.

Nimemwandikia nikitaja robo. Nazir akasema nitamwudhi huyo mama. Hajui. Bei ya kwanza ni salamu tu.

Jumanne, 8 Mei

Amejibu! Kwa adabu. Anasema bei ni ile ile, je, anishikie chumba?

Dalili nzuri sana. Muuzaji anayejibu yuko mkononi tayari. Nimemfundisha Nazir kazi inavyokwenda. Mnunuzi anataja bei yake, muuzaji anacheka. Mnunuzi naye anacheka. Anaweka kitenge chini, anageuza mgongo, anaondoka polepole. Akifika meza ya tatu, muuzaji anamwita arudi kwa kelele: “Papa, kuya! Leta ile unayo!” Mimi mwenyewe sikuwahi kumwacha mteja apite meza ya nne.

Tatizo: unageuzaje mgongo ndani ya kompyuta? Nimeandika kwamba asante, tunakwenda kwa jirani yako. Na ili jambo liwe la kweli nikatoka dukani, nikatembea mpaka kwa muuza nyama, nikarudi polepole. Hakuna kitu. Nazir alisema labda huko Ugiriki hawakuona.

“Mzee, hii si soko,” akasema. “Kama unataka room, sema unataka room.”

Maskini Nazir. Ndiyo maana duka lake halikui.

Alhamisi, 10 Mei

Nimeduwaa. Mama Stamatia amejibu. Anasema sawa, anatutakia safari njema. Halafu ametupatia jina la hoteli ya jirani yake, na namba ya simu!

Nimefanya biashara tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuona muuzaji anakuonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Ama huyu mama hana akili, ama ana akili kunishinda. Kazini nimetia mikate ya mbegu kwenye mifuko ya mikate myeupe. Msimamizi amenitazama sana.

Wakati wa chai nikagundua. Na yeye amegeuza mgongo! Tumegeuka wote wawili, kila mtu anatembea, kila mtu anangoja kuitwa. Hii ni hatari. Lazima mmoja ageuke bila kuonekana amegeuka.

Léocadie amenunua nguo ya kuogelea. Ameitundika mlangoni, bado ina karatasi yake. Amewaambia kina mama wote wa maombi. Anaimba akiosha vyombo. Sikumbuki mara ya mwisho alipoimba akiosha vyombo, kwa hiyo nikajifungia chooni kufikiri.

Jumamosi, 12 Mei

Nimegeuka bila kuonekana. Nimemwandikia Mama Stamatia kama mtu mwingine kabisa, Bwana Barnabas, mfanyabiashara mkubwa, anayeulizia tarehe zile zile na bei ya heshima.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza soda. Linaanza: “Mpendwa Bwana Cyriaque.”

Amejuaje? Nazir alicheka mpaka akakohoa. Akanionyesha kwamba jina langu linakaa juu ya kila barua, nipende nisipende. Alijua tangu mwanzo! Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumwuliza, na tena Jumamosi huwa hakuna cha kuchekesha hapa dukani.

Mama Stamatia anasema vyumba vya barabarani vimekwisha. Kimebaki kimoja cha baharini. Bei ile ile. Hashuki hata kidogo! Mwanamke wa chuma.

Hapo ndipo nikapata wazo. Nimejipongeza mwenyewe njia nzima ya kurudi. Félicien alikuwa na maneno tu. Mimi nina kitu cha kutoa. Nimeandika kwamba mke wangu ni fundi wa vyumba vya hoteli, ana mkono mwepesi, hana mfano Birmingham nzima. Kitanda chetu atatandika mwenyewe. Ikibidi atatandika na vya majirani wa korido. Basi bei ishuke. Nikaweka namba ya simu ya nyumbani.

Safari hii ataniita tu.

Jumatatu, 14 Mei

Amepiga! Lakini mimi nilikuwa kazini. Simu aliipokea Léocadie.

Mama Stamatia alimwuliza ataanza kazi lini, na kama anafanya na vyoo.

Nilipoingia nilimkuta kwenye ngazi tena, viatu miguuni. Nikadhani ana habari njema. Nikauliza wameshusha ngapi. 

“Papa Déborah,” akasema, “nilikuomba kitanda kimoja tu, mutu mwingine atandike. Kimoja tu. Na weye umeniuzisha pamoja na mashuka?”

Nikasema yalikuwa maneno ya bei tu. Akauliza bei ya nani.  Akalia, si kwa sauti. Akapanda juu, akaitoa ile nguo ya kuogelea mlangoni, akaitia kwenye mfuko wake wa dukani pamoja na risiti.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli. Najua kusema bei ya kila kitu na leo sikujua kusema samahani, nimesimama tu na koti langu. Léocadie amefunga mlango. Nitalala chumba cha Déborah, maana binti yetu yuko chuoni Leicester na kitanda chake kiko wazi.

Jumatano, 16 Mei

Asubuhi mbili sasa natandika kitanda cha Déborah mwenyewe. Lile shuka lenye mpira linanishinda. Kona moja ikiingia nyingine inatoka. Jana nilitokwa jasho. Mke wangu anafanya hivi siku nzima, chumba baada ya chumba, na wenye vyumba hawamjui jina.

Leo nilimwahi. Nikatandika kitanda chetu kabla hajarudi kutoka kazini, nikaweka na ua juu ya mto. Aliingia, akaangalia. Akatoa ua. Akalivuta shuka lote, akatandika upya. Nikamwambia samahani, nikiwa nimeshika ule mto. Akasema amesikia.

Halafu akaniambia. Alikwenda kwa Nazir, akanunua kadi ya simu, akampigia Mama Stamatia yeye mwenyewe. Akamweleza kwamba hakuna mtu anayekuja kutandika chochote. Wakaongea mpaka kadi ikaisha. Mama Stamatia ujana wake wote alitandika vitanda Ujerumani, ndiyo akapata hoteli yake. Wakaelewana mara moja. Chumba kimeshikwa. Cha baharini. Bei kamili. Analipa kwa fedha zake, na risiti ya nguo ya kuogelea ameichana.

Nilifurahi. Nilifurahi sana. Kisha nikauliza: kamili kamili? Akasema kamili. Hakujaribu hata kucheka kidogo, hata kunyamaza kidogo kwenye simu? Hakujaribu. Nilishika ukuta.

Nikauliza nitamwambia nini Félicien. Akasema nimwambie mke wangu amelala kwenye kitanda alichotandikiwa.

Jumatano, 20 Juni, Kos

Tumefika jana. Kuna joto. Maji yapo kweli, mengi, na tangu asubuhi nayaangalia kwa bidii maana yamelipiwa.

Léocadie alipoamka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye shuka. Akaukamata kwa mkono mwingine. Akasimama pale anashindana na mikono yake, mpaka nikamvuta nje. Njia nzima ya bandarini aligeuka nyuma kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Tuliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kona zimekunjwa, mito imesimama. Hakuingia. Alisimama mlangoni akaniita kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala humo. Akauliza kama naona. Nikasema naona. Akalia tena, lakini kilio kingine, na mimi nikalia pia, sioni sababu ya kuficha. Kisha akaenda kukagua kona moja. Akasema yule dada anajua kazi. Akamwachia kitu kidogo chini ya mto.

Jumatatu, 25 Juni, Kos

Kesho tunarudi. Jana jioni Mama Stamatia alitukaribisha kahawa. Nikamwuliza kuhusu Félicien. Anamkumbuka, kwa lile shati. Alijaribu kupunguza bei, akafika mpaka mlangoni, akarudi mwenyewe. Akalipa bei kamili. Na ya kuangalia bahari juu yake!

Nusu ya bei! Mbele ya kanisa!

Léocadie alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema natumaini sasa nimeelewa. Nimeelewa. Nilifikiri mpaka usingizi ukanishika, na leo asubuhi kila kitu kimekaa wazi. Félicien hakutembea mbali vya kutosha. Na mimi nilitembea Lozells, ambako Mama Stamatia hawezi kuuona mgongo wangu. Kosa lilikuwa hilo tu! Hapa ananiona.

Kwa hiyo, Léocadie akiwa bado kitandani, nimeshuka mapokezi. Nikauliza bei ya mwaka kesho. Mama Stamatia akaitaja. Nikacheka. Akacheka! Kwa mpangilio kabisa, kama Kadutu. Nikataja robo. Akacheka zaidi. Nikainua sanduku, nikageuza mgongo, nikatoka polepole.

Sanduku nimelijaza ili jambo liwe la kweli. Nguo za Léocadie zimo pia, na viatu vyake vyote.

Sasa nimekaa juu ya sanduku mbele ya duka la kukodisha baiskeli, naandika juu ya goti. Nimepita meza ya tatu. Nimepita ya nne. Jua ni kali. Kutoka hapa naiona baraza ya chumba chetu. Léocadie amekaa humo na gauni la kuogea la hoteli, Mama Stamatia yuko pembeni yake, wanakunywa kahawa na kuangalia maji. Wameniona. Wamenyoosha mikono yote miwili, wanapunga. Sijui wananiita au wananiaga.

Nikirudi sasa nitakuwa kama Félicien. Nasogea duka moja zaidi. Ataniita tu.