Mabati Mawili ya Bure

Jumanne, 5 Oktoba 1993. Handeni.

Nimemaliza barua ya saba kwa mhariri. Kichwa: "Kadi za Madukani ni Mtego wa Panya." Kurasa tisa! Nimethibitisha kwamba mtu asiyelipa papo hapo hununua asichohitaji, na kwamba zawadi ya mwenye duka hutoka mfukoni mwa mnunuzi mwenyewe. Barua sita zilizotangulia hazikuchapwa. Mhariri mwoga.

Filomena hakutaka kusikia ukurasa wa pili. Mama yake anakuja kutoka Mpale tarehe kumi na sita, vuli iko mlangoni, na chumba cha bibi huyo hakina paa. Kanihesabia elfu ishirini na nne, pesa za mahindi. Niende Korogwe, kwa Jonathan wa Manundu. Atataja elfu tatu kwa bati. Nimshushe hadi elfu mbili na mia tano, nirudi na mabati manane na chenji elfu nne. Kanirudilia hayo mara mbili. Kunifundisha mimi kupatana bei! Mimi niliyewahi kumtoa machozi muuza viatu!

Jumatano, 6 Oktoba. Korogwe.

Jonathan kanipokea kwa shikamoo na kadi ya kijani. Mteja huchukua mali ya hadi elfu ishirini na nne, hulipa mwisho wa mwezi. Kila elfu moja, muhuri mmoja. Mihuri thelathini, mabati mawili bure. Sharti: bei ni ile iliyoandikwa. Anayepunguziwa hapati muhuri.

Nikampa somo la saa nzima kuhusu unyonyaji. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Basi usiichukue, mzee Mdoe."

Nikaichukua. Kwa utafiti tu. Huwezi kuipinga silaha ambayo hujaishika.

Mabati manane, elfu tatu tatu. Sikupatana hata senti. Ulimi uliniwasha njia nzima. Lakini mihuri ishirini na nne kwa mpigo! Na zile elfu ishirini na nne bado zimo mfukoni. Nimezihesabu mara tatu. Hazijapungua. Sayansi!

Alhamisi, 7 Oktoba. Handeni.

Mabati yamefika kwa lori, yanang'aa. Filomena kayagonga moja moja kama anayechagua matikiti. Kisha akanyoosha mkono. Chenji.

Hili sikulipangia. Nikampa elfu nne kutoka kwenye zile zisizopungua. Akasema, "Leo Baba Tumaini umefanya la maana." Sifa ya kwanza tangu Pasaka ya mwaka juzi! Nani angeiharibu kwa maelezo?

Deni elfu ishirini na nne, mkononi elfu ishirini. Kasoro ndogo. Mabati mawili ya bure ni elfu sita. Kwa hiyo nina faida ya elfu mbili.

Jumamosi, 9 Oktoba.

Kumbe Eliasi, fundi cherehani jirani yangu, naye ana kadi. Mihuri ishirini na saba! Kaitundika ukutani juu ya cherehani yake. Kaniuliza mbele ya wateja, "Mheshimiwa mwandishi, barua imechapwa, au bado wanasoma kurasa za katikati?" Wakacheka. Nikapanda basi la kwanza kwenda Korogwe.

Mihuri sita tu ilibaki. Mkopo wa kadi umefika kikomo, kwa hiyo taslimu. Nikaona mabeseni ya plastiki, elfu moja moja. Sita, mihuri sita. Rahisi! Nikalishika la kwanza, na kabla akili haijafika, mdomo ukasema, "Punguza bwana, plastiki yenyewe nyepesi hii." Mazoea ya miaka arobaini! Jonathan akasema haya, mia tisa mia tisa, kwa heshima yako. Nikashukuru. Nikalipa. Nikatoa kadi.

Hakuna muhuri. Nimepunguziwa.

Nikamwomba apandishe. Nikamsihi! Watu waliacha kununua wakabaki kumtazama mzee anayegombana ili aongezewe bei. Mama mmoja akasema, "Mpelekeni kwao, jua limempata." Jonathan akanijibu kwamba bei ikishashuka haipandi, ni mwiko wa duka lake. Nikanunua mengine sita, kwa elfu moja moja, nimeuma meno.

Mihuri thelathini! Mabati mawili ni yangu, nimerudi nayo juu ya basi. Eliasi, lala na ishirini na saba yako.

Jumamosi, 16 Oktoba.

Mama mkwe kafika, na mvua imefika naye. Paa jipya halivuji hata tone. Kaketi kitandani, katazama juu, katazama chini, kauliza mabeseni kumi na mawili ya nini katika chumba kisichovuja. Filomena akanigeukia. Nikatoka kwenda kukagua mfereji. Mvua ilikuwa kubwa sana.

Jumamosi, 30 Oktoba.

Jonathan kaja mwenyewe, na mafundi wawili, na ngazi. Elfu ishirini na nne, au mabati manane yashuke leo hii. Chini ya mabati hayo amelala mama mkwe, mgongo unamuuma. Mfukoni nina elfu nane. Nyingine ni mabeseni na nauli. Ikabidi nikiri yote, mbele ya Eliasi, aliyekuja "kuazima kiberiti".

Filomena hakupiga kelele. Akamwambia Jonathan, "Kumi na saba." Jonathan akasema mama, deni si nyanya. Filomena akamuuliza bati lenye matundu ya misumari atamuuzia nani. Kisha akajitanda kanga akaondoka zake, kama afanyavyo sokoni. Tatizo: nyumba ni yake mwenyewe! Akaondoka hivyo hivyo. Alikuwa kwenye ua wa tatu Jonathan alipoita, "Rudi mama, tuzungumze!"

Wakafunga kwa elfu ishirini. Halafu Filomena akajitwika mabeseni yangu akayapitisha mtaani, ambako kila paa linavuja. Elfu moja moja, yakaisha kabla ya adhuhuri. Kumi na mbili zake, nane zangu. Ngazi ikaondoka. Mama mkwe hakuamka.

Filomena akaazima mkasi wa Eliasi, akaikata kadi vipande vinne.

Jumapili, 31 Oktoba.

Nimetafakari kwa utulivu. Matokeo ya utafiti: deni limelipwa, na mabati mawili nimeyapata bure kabisa. Bure! Nimeanza barua ya nane: "Kadi kwa Mwenye Akili."

Mabati yenyewe yameegemea ukuta, hayana kazi. Bati lisilo na nyumba ni uharibifu wa mali. Nimepima: yanatosha kibanda kidogo cha kuandikia. Kinachohitajika ni tofali, mbao, misumari na mifuko minne tu ya saruji.

Duka jipya karibu na stendi lina kadi nyekundu. Mihuri arobaini, unapewa mlango.

Nimechukua mbili. Moja kwa jina la mama mkwe.