Jiko Langu Lililofukuzwa Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Nyaramba,
S.L.P. Nyamira,
19 Agosti 1974.

Kwa Daktari Mkuu,
Hospitali ya Misheni.

Bwana Daktari mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, mimi Josiah Onsongo, mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Sabato. Ni mzima wa mwili, ila moyo una hasira nawe. Mimi ndiye mume wa Persis, yule mama mliyempasua kifua Jumanne tarehe 16 Julai ili mtoe usaha uliobana pafu lake. Kazi yenu ya kisu sina neno nayo. Neno langu ni baridi.

Siku moja kabla, Sista Bathsheba alinikalisha akanieleza kwamba mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, mwili wake husahau kutetemeka, na kifua kikiwa wazi joto humtoka upesi. Nilimwelewa vizuri sana. Mama yangu alitufunza kwamba mgonjwa akilala, moto haulali. Kwa hiyo asubuhi yake nikaja na jiko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jiko lilifukuzwa. Lilikuwa na makaa ya mti wa muwati, yamekolea, bila moshi. Nilipolifikisha mlangoni pa chumba cha upasuaji, Sista Bathsheba alilijia mbio kana kwamba nimeleta chui, akalimwagia ndoo nzima ya maji mbele ya watu, wakiwemo washirika wawili wa kanisa langu.

2. Nilielezwa kwamba dawa yenu ya usingizi hushika moto kuliko petroli. Vyema. Sasa nauliza kwa heshima: ikiwa ni hatari hivyo, nani alimruhusu mke wangu kuivuta? Mimi nilileta moto mlangoni tu. Ninyi mlitia petroli puani.

3. Baadaye nikagundua kwamba mlimwekea chupa za mpira zenye maji ya moto, mkampashia mablanketi, na hata damu ya kumwongezea mliilaza kwenye beseni la maji vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Je, maji hayo yalichemka kwa maombi? Yalichemshwa kwa moto! Kumbe moto wa hospitali una cheo, wa Nyaramba hauna.

4. Mlifunika miguu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, mkaacha kifua wazi. Kwetu baridi ikiingia tunafunga mlango, hatufuniki ukuta.

5. Kwa saa nne nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama makaa yaliyolowa. Niliogopa, Bwana Daktari. Niliona kwamba nimemleta mke wangu aje kufia kwenye baridi ya watu wengine, na kitu kimoja nilichoweza kumletea kimemwagwa. Hili sitalisahau.

Kwa hayo, naomba kifua cha mtu yeyote kisipasuliwe tena mwezi wa Julai. Kama haiwezekani, upasuaji uhamishiwe kiwanda cha chai, kwenye chumba cha kukaushia majani. Jirani yangu Machogu hufanya kazi humo akiwa na fulana tu, na bado jasho linamtiririka. Meza ndefu zipo. Machogu amekubali kunawa mikono.

Na kama hata hilo ni gumu, basi mume aruhusiwe kuingia mwenyewe, alale kimya chini ya meza, awe ndiye jiko. Sisi waume hatulipuki.

Nisalimie Sista Bathsheba ingawa hastahili, wapishi, bawabu aliyenishikia koti, na wagonjwa wote wa wodi ya kina mama.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchungu wa makaa,
Josiah Onsongo

Nyongeza: Persis ameisoma barua hii, akacheka hadi akashika mshono. Anasema alizinduka ana joto kama kiazi kilichofukiwa majivuni. Anasema pia Sista alimweleza kwamba siku ile aliyetetemeka alikuwa mtu mmoja tu, yule wa kwenye benchi, hata ikabidi afunikwe yeye blanketi moja la akiba lililopashwa kwa ajili ya mke wake. Mimi sikumbuki jambo hilo. Lakini ninapoandika haya nimejitanda blanketi, na pembeni lina muhuri wa hospitali yenu. Nitalirudisha Jumapili. Nitalipasha kwanza.