Taa ya Kushoto ya Peugeot Yangu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Fahali amenivunjia taa. Ndiyo, fahali! Nimeegesha Peugeot 504 yangu pale mnadani Ntimaru, naongea na watu kwa heshima zangu, kumbe yeye ameona fahali mwingine ndani ya kioo cha taa. Akamshambulia. Taa ya mbele, upande wa dereva, kwisha! Na mwenye ng'ombe alitaka nimpe pole, eti mnyama wake ameumia pua.

Wiki yenyewe mbaya. Jumamosi Roseline anaolewa Homa Bay, na gari la bi harusi nimeahidi mimi. Roseline ni dada mkubwa wa Emmaculate. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa, kwa hiyo Roseline akitoka, njia ya Emmaculate imefunguka. Na mimi ndiye ninayengoja hapo njiani tangu mwaka juzi. Mwenye neno la mwisho ni shangazi yao Phelesia, mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Ameshatuma ujumbe. Msafara utawasha taa zote mchana kweupe, na bi harusi hapandi gari lenye jicho moja. Taa isipopatikana kufikia Ijumaa, atapanda Datsun ya Oliver. Oliver! Jirani yangu hapa Migori, muuza simiti, anayepiga honi kila akipita nyumba yenye wasichana. Naye pia anamtaka Emmaculate.

Jumanne, 6 Agosti

Siku njema. Nilisimama mbele ya gari, uso kwa uso, nikachora taa kwenye karatasi ya kaki na kuandika: KUSHOTO. Nikaenda kwa Dahir, muuza spea. Akauliza mbona sikubeba ile iliyovunjika. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa jiografia, nachora nchi nzima pamoja na maziwa yake, taa ya gari itanishinda? Akaanza kusema kitu kuhusu kushoto ya nani, lakini nilikuwa nimeshalipa na niko mlangoni. Taa kuukuu lakini safi, haina hata mkwaruzo. Kesho Oliver atanitambua!

Jumatano, 7 Agosti

Haiingii. Fundi Matiko ameigeuza, ameipindua, ncha inaelekea ndani badala ya nje. Anasema ni ya upande wa pili. Haiwezekani, nilisema kushoto waziwazi. Dahir kanipa ya kulia! Nikamrudia mbio. Hana nyingine, lakini binamu yake Ahmednur wa Homa Bay anavunja 504 nzima, anauza kipande kipande. Akanisihi, tafadhali Mwalimu, safari hii beba ile mbovu. Watu wa spea wanapenda takataka. Ile mbovu iko kwenye buti, naitumia kuwekea njugu.

Oliver akasimamisha Datsun yake kunipa pole. Akaniita omera, kama vile sisi ni ndugu, akasema nisihangaike, yeye macho yake yote mawili yanaona.

Alhamisi, 8 Agosti

Homa Bay. Ahmednur ni mtu mpole. Akauliza kushoto au kulia. Nikajibu kushoto, tena nikamwonya asinifanyie alichonifanyia binamu yake. Akaniangalia kidogo, akaingia ndani, akaniletea. Nikaijaribu pale pale nje.

Haiingii! Sasa nina taa mbili zinazofanana kabisa na hakuna inayonifaa. Ukoo mzima haujui kushoto! Niliporudi kulalamika duka lilikuwa limefungwa. Nikakaa garini natazama ziwa, nikimwaza Emmaculate ndani ya Datsun, na machozi yalinikaribia. Lakini bado kuna kesho, na nina wazo.

Ijumaa, 9 Agosti

Wazo lenyewe: kifuniko cha sufuria, nilichokiazima jikoni kwao Emmaculate, hapa hapa Homa Bay. Nilikifunga kwa waya mahali pa taa, kikang'aa kuliko hata taa ya kiwandani. Shangazi Phelesia akalizunguka gari mara moja, akakigonga kwa kidole. Kikalia ngoo. Akasema sufuria yake inakingoja jikoni, akaagiza Oliver aitwe.

Emmaculate peke yake hakucheka. Akauliza ile iliyovunjika iko wapi. Akafungua buti, akamwaga njugu zangu, akaifunga ndani ya leso pamoja na zile mbili nilizonunua, akaenda kwa Ahmednur kwa miguu. Hakutaja kushoto wala kulia, alisema tu anataka ndugu ya hii. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi nayo. Ikaingia! Ikawaka! Oliver alifika amevaa tai, akakuta Shangazi ameshakaa kwenye kiti changu cha mbele.

Nilimweleza Emmaculate kwamba Ahmednur ametetemeka kwa vile nilivyomkaripia jana. Akasema labda.

Jumamosi, 10 Agosti

Taa mbili! Mimi mbele, bi harusi nyuma yangu na shela lake, honi juu, vigelegele barabara nzima, Oliver anakula vumbi letu. Katikati ya safari Shangazi akaniuliza kama mama yangu bado ana nguvu za kusafiri. Mtu haulizi hivyo bure. Tulipofika akasema nilete watu wangu mwisho wa mwezi, wazungumze. Gari likiwa zima, akaongeza.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeaga Homa Bay. Wote walisimama kunipungia, kwa hiyo nikarudi nyuma kwa madaha, mkono mmoja kwenye usukani. Nguzo ya lango ikaondoka na kioo cha pembeni, upande wa abiria. Shangazi aliona. Emmaculate akaokota vipande pamoja na fremu yake, akaniwekea kwenye kiti, akanisihi niende navyo dukani. Jinsi anavyonijali! Nampenda sana, lakini mambo ya gari hayajui.

Vipande nimevitupa njiani. Mwisho wa mwezi si mbali, sina muda wa kupoteza. Nimefika Migori, nimetoa karatasi ya kaki, nimesimama mbele ya gari, uso kwa uso, nimechora vizuri kuliko mara ya kwanza. Kesho alfajiri niko kwa Dahir. Na ili asinikosee tena, nimemwandikia kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini: KULIA.